SHERIA INAPOBISHA HODI
Mazungumzo ya Mwenyekiti wa kikundi siku ya kutimiza miaka kumi, Kongowe, Kibaha

  

 Katibu ameshasoma risala, na Mhasibu ameshasoma hesabu ya hisa na mikopo, kwa hiyo mimi tarakimu sizirudii. Asiyesikia atazikuta humu kitabuni. Kamati ya maandalizi iliniambia nizungumzie mafanikio na matatizo. Mafanikio mnayaona kwa macho. Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 17 chini ya mwembe, hisa moja shilingi 1,000, na leo tuko 42. Basi nimeona nizungumze juu ya jambo moja tu, nalo ni sheria za Serikali na jinsi zinavyotugusa sisi wanawake wa hapa barabarani.

Najua wapo wanaosema moyoni, huyu mama wa darasa la saba anaingiliaje mambo ya mawakili. Kweli, mimi si wakili. Lakini nikiangalia nyuma, kila tulipoumia na kila tulipopona palikuwa na sheria. Ama tuliijua au hatukuijua. Na nitasema pia kosa langu mwenyewe, maana wengi mlioingia juzi hamlijui, na wanaolijua wamenistahi kwa kunyamaza.

Nianze mbali kidogo. Wale wa rika langu tunaikumbuka kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Mgambo walikuwa wakija alfajiri. Ukisikia mbwa wanabweka mtaa wa pili, mwanaume anatoka mlango wa uani anaingia shamba la mihogo, na wewe mke unabaki kujibu maswali na mtoto mgongoni. Wakikosa mtu walichukua kuku, walichukua baiskeli. Kodi ile ilifutwa mwaka 2003, na kusema kweli siku ile tulipumua. Lakini hofu haikufutwa. Mtu akija na karatasi na kalamu anauliza jina lako, moyo unakwenda mbio hata kama hujafanya kosa lolote. Mimi hofu ile niliibeba nikaiingiza kwenye kikundi.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na kanuni zake zikatoka mwaka 2019. Sheria hii ndiyo iliyosema kwamba hata sisi wa vicoba, tunaoweka na kukopeshana wenyewe kwa wenyewe, tunatakiwa kusajiliwa. Wametuweka daraja la nne, yaani chini ya mabenki, chini ya kampuni za mikopo na chini ya saccos, na usajili wetu unapitia halmashauri. Kikundi kisipungue watu kumi, kisizidi hamsini, kiwe na katiba na viongozi wanaojulikana.

Habari hiyo ilipofika hapa mimi nilisema hapana. Mtanisamehe, nilisema mbele ya kikao, na imeandikwa kwenye daftari la mihutasari: tukisajiliwa watatuhesabia fedha zetu, kesho wataleta kodi. Wenzangu wakapiga makofi. Halafu palikuwa na kumbukumbu ya Deci. Wengi hapa waliweka fedha zao Deci, au ndugu zao waliweka, wakiahidiwa kuvuna mara mbili au tatu ya walichopanda. Serikali ilipoifunga mwaka 2009 watu walibaki na vikaratasi. Ile ilikuwa upatu haramu, fedha ya anayeingia leo ndiyo inayomlipa aliyeingia jana, na sheria ya jinai inaukataza. Sisi mchezo wetu ni mwingine kabisa, kila shilingi ina mwenyewe na sanduku lina funguo tatu kwa watu watatu. Lakini tuliogopa kwamba mbele ya afisa tutaonekana wamoja na wale. Tukaamua kukaa kimya. Tulikaa kimya karibu miaka miwili.

Mwaka 2020 mwenzetu mmoja alikopa shilingi 1,200,000. Alirejesha hata mara moja? Hakurejesha. Akahama usiku. Tukajua alipo, siyo mbali hata, ni nauli ya daladala moja. Tukaenda watatu, akatuambia hatutambui. Tukaenda ofisi ya mtaa anaokaa, mtendaji akatusikiliza vizuri tu, akauliza cheti cha usajili kiko wapi. Hatuna. Katiba? Tunayo ya kichwani. Mkataba wa mkopo? Tuna daftari lenye jina lake na dole gumba. Akasema, "Mama zangu, mimi nawaamini, lakini kikundi chenu hakipo." Neno hilo sijalisahau. Miaka mitano tunakutana kila Jumamosi, tumezika pamoja, tumeozesha pamoja, halafu kikundi hakipo.

Wakati ule tulikuwa 30. Tukagawana hasara, 40,000 kila mmoja. Yupo mama alitoa 40,000 ile kwa kuuza mbuzi aliyekuwa amemwekea mjukuu wake fedha za sare. Alitoa bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa hiyo leo mbele ya wageni narudia nilichosema kwenye kikao mwaka ule: kosa lilikuwa langu. Sheria ile niliyoikimbia ndiyo ingetupa mlango wa kubisha.

Baada ya hapo tukaanza safari ya kusajili. Nayo nisiipambe. Tulikwenda mjini mara nne. Mara ya kwanza afisa hayupo, yuko semina. Mara ya pili katiba inatakiwa ipigwe chapa, na sisi tumeiandika kwa mkono. Mara ya tatu majina ya kwenye katiba hayafanani na ya kwenye vitambulisho, maana nusu yetu tunaitwa Mama Fulani hata sisi wenyewe tumesahau tulivyobatizwa. Mara ya nne tukapata. Nauli, kupiga chapa, picha, na chai ya waliotusaidia kuandika, vyote tulichanga. Mwanamke anayeuza vitumbua akipoteza siku nne ni siku nne bila mtaji kuzunguka. Waheshimiwa mliopo, nawaomba mlipokee hilo bila kukasirika. Mtu akiambiwa "njoo kesho" mara tatu, mara ya nne haji, na baadaye mnasema wanawake wa Kongowe hawataki kujisajili.

Hapa niseme nilichojifunza. Sheria inayotaka kitu kutoka kwako huwa inakuja yenyewe mpaka mlangoni, tena na watu. Sheria inayokulinda haiji. Imekaa ofisini inakungoja uifuate, na uwe na karatasi mkononi. Mtaona mara chache sana mgambo anakimbizana na mtu ili ampe haki yake.

Mara chache, sisemi haipo kabisa. Desemba 2018 Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, wale wauza mboga na mama lishe wa kituoni walipata nafuu. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa kila siku, na ukikosa wanamwaga chakula. Nilimwona kwa macho yangu mama akiokota maandazi mchangani. Kitambulisho kikawa kama ngao, unakivaa shingoni, mtoza ushuru anapita. Baadaye yalikuja mengine, mwaka 2021 machinga wakaambiwa waondoke kwenye hifadhi ya barabara wapangwe sehemu maalumu, na waliokuwa na ngao shingoni wakaona ngao haizuii tena. Lakini angalau ile miaka ilituonyesha kwamba Serikali ikitaka, sheria inaweza kumfikia mama aliyekaa chini na beseni.

Sasa nije kwenye mikopo ya halmashauri, maana najua swali hili linakuja kila kikao. Mwaka 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa ilirekebishwa, ikawa ni lazima kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, na mkopo huo usiwe na riba. Zamani lilikuwa agizo tu, halmashauri ikitaka inatoa, isipotaka basi. Sheria ikaondoa huo utashi. Ni sheria nzuri, naisifu.

Sisi tuliposajiliwa tukaandika andiko letu, tukapeleka. Tukiwa tunangoja, Aprili 2023 Serikali ikasimamisha mikopo yote nchi nzima, baada ya Mkaguzi Mkuu kueleza fedha ambazo hazikurejeshwa na vikundi hewa. Vikundi hewa, jamani! Yaani sisi tuliambiwa hatupo tukiwa 30, na wengine hawakuwepo kabisa wakapewa fedha. Mikopo ilirudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, tukaandika fomu upya, safari hii tukapata, na marejesho tunayapeleka kila mwezi bila kuchelewa. Lakini nauliza tu, zaidi ya mwaka mzima ule, nani aliadhibiwa? Aliyeunda kikundi hewa alikuwa ameshakula. Aliyeadhibiwa ni mama mwenye andiko halali aliyeambiwa asubiri. Na alipokuwa akisubiri, alikwenda kukopa kwingine. Ndipo yalipotupata ya kausha damu.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndani ya hema hili wapo wanaodaiwa hata sasa hivi, na simu zao wamezizima ili tusherehekee.

Mwenzetu mmoja alikopa 300,000 kwa watu wa mikopo ya haraka. Jina la ofisi silitaji. Hakutuambia, aliona aibu kwa kuwa mkopo wake kwetu haujaisha. Masharti yalikuwa arejeshe 15,000 kila siku kwa siku 30. Kwenye kikundi tukafanya hesabu hiyo ubaoni, wengine hawakuamini. 15,000 mara 30 ni 450,000. Riba ni 150,000 kwa mwezi mmoja, yaani nusu ya mkopo. Benki Kuu iliweka ukomo kwa wakopeshaji wa namna hiyo usizidi asilimia tatu na nusu kwa mwezi. Kwa 300,000 ni shilingi 10,500. Angalieni tofauti yake: 10,500 na 150,000. Wajanja wanaikwepa kwa kuita sehemu ya riba hiyo ada ya fomu, ada ya usumbufu, ada ya kumfuata mteja.

Siku ya kumi na nane mtoto wake alilazwa, akashindwa. Walikuja vijana watatu na pikipiki ya miguu mitatu. Wakachukua kitanda, godoro, jiko la gesi na cherehani. Hiyo cherehani ndiyo ingelipa deni. Majirani walisimama wanaangalia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Sikujua kwamba ningeweza kuwauliza lolote. Nilidhani ukidaiwa basi umeshahukumiwa.

Baadaye msaidizi wa kisheria alitueleza maswali ya kuuliza. Leseni yenu ya Benki Kuu iko wapi? Kwa sheria ileile ya mwaka 2018, kukopesha watu kama biashara bila leseni ni kosa. Mkataba uko wapi, na nakala ya mteja iko wapi? Amri ya mahakama iko wapi, na dalali aliyetambuliwa ni yupi? Mwenzetu nakala hakuwa nayo. Tulipoupata mkataba wenyewe, kurasa tano, ulikuwa wa Kiingereza kitupu. Alipiga saini kitu asichoweza kusoma hata kichwa cha habari. Na sisi nchi hii mwaka 2021 tulibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kama hakimu anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, mkopeshaji wa Maili Moja anashindwa nini kuandika mkataba wa laki tatu?

Cherehani ilirudi. Msaidizi wa kisheria aliandika barua moja tu, wale watu wakaiacha nje ya ofisi ya mtaa bila kusema neno. Kitanda na godoro havikurudi. Deni halisi alilipa, na ni haki alipe, maana fedha alichukua. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimesema madeni yasilipwe. Tunalipa, ila kwa sheria.

Wale wa kwenye simu nao ni hivyohivyo. Unabonyeza unapata 50,000 ukiwa umelala kitandani, ukichelewa siku mbili wanatuma ujumbe kwa watu wote uliowahifadhi kwenye simu: mkwe, sheikh, mwalimu wa mtoto, wote wanaambiwa wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, ikazipiga marufuku. Ni hatua nzuri, lakini zinazaliwa nyingine kila siku kwa majina mapya, kwa hiyo kabla hujabonyeza muulize Katibu wetu aangalie kama imo kwenye orodha ya walioruhusiwa. Kuuliza ni bure.

Jambo langu la mwisho ni nyumba. Akina mama, sogeeni, na akina baba mliopo msinikunjie uso, ninyi pia mna mabinti.

Sheria ya Ndoa ni ya mwaka 1971. Inasema mume au mke haruhusiwi kuuza, kugawa, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye karatasi ni la mmoja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba rehani ya nyumba wanayokaa wanandoa haifai mpaka mwenzi naye aridhie kwa maandishi, na mkopeshaji ana wajibu wa kuhakikisha. Sheria zote hizo zipo, wengine tumezaliwa zikiwa njiani. Lakini sikilizeni lililompata mmoja wetu.

Mume wake alikopa milioni sita kwa nyumba yao. Nyumba ile ilijengwa kwa fedha ya mume ya mshahara, lakini tofali zilifyatuliwa na mke, maji alichota mke, mafundi walikula kwa mke miezi minne. Mkopeshaji alipotaka ridhaa ya mke, mume akaleta barua ya serikali ya mtaa, siyo wa hapa, ikisema mwombaji hana mke. Muhuri upo, saini ipo. Mama wa watu ana watoto wanne na wajukuu wawili, barua inasema hayupo! Mnaona neno lilelile tuliloambiwa sisi kama kikundi? Aligundua siku alipokuta tangazo la mnada limebandikwa mlangoni.

Alikuja kwangu usiku akilia, hana cheti cha ndoa. Walifunga ndoa ya kimila mwaka 1994 huko kwao, wazee waliopokea mahari wameshakufa. Akadhani hana lake. Kumbe sheria ileile ya mwaka 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawatambua ni mume na mke, inachukuliwa kuwa ni ndoa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na jambo la kufyatua tofali na kupika, nalo lina jibu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na mumewe Ally Sefu. Ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wakigombana, wengine wakisema kupika ni wajibu tu, hakuhesabiwi. Kesi hiyo inafundishwa mpaka leo. Wanaoisimulia husahau kusema kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, maana mahakama iliona mumewe alikwishampa fedha za kuanzisha mradi wa familia naye akazitapanya. Alitufungulia mlango sisi, yeye akabaki nje. Mimi huwa namkumbuka.

Basi twende kwa mwenzetu. Kwanza tulikwenda Baraza la Kata tukidhani litaamua. Tukaambiwa tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata kwenye ardhi yanasuluhisha tu, hayahukumu tena. Tukaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba zuio la mnada. Msaada wa kuandika maombi tulipata bure, kwa sababu tangu mwaka 2017 iko Sheria ya Msaada wa Kisheria inayowatambua hao wasaidizi wa kisheria, na asiye na uwezo hatakiwi kuwalipa. Mashahidi wa ndoa tulikuwa sisi. Akina mama sita wa kikundi hiki walisimama wakasema, huyu ni mke wa fulani, tumemjua hivyo miaka yote, na daftari letu la mwaka 2015 limeandika mrithi wake ni mumewe. Mnaona kazi ya daftari? Tuliliandika kwa ajili ya hisa, likaja kuthibitisha ndoa.

Mnada ulizuiwa. Shauri lilichukua miezi kumi na minne, nauli mnaijua wenyewe. Mwisho walipatana: nyumba isiuzwe, deni ligawanywe kwa miaka mitatu. Mume aliondoka, anasemekana yuko Mkuranga. Anayelipa deni ni mama, kwa chapati na maharage, deni ambalo hakukopa yeye. Alikubali mwenyewe. Alisema afadhali nilipe nikiwa ndani kuliko nishinde kesi nikiwa nje. Kama hiyo ni haki, sijui tuiiteje. Mimi nimeshindwa kuipa jina, lakini paa bado liko juu ya watoto.

Na aliyetoa barua ile ya "hana mke", nasikia alihamishwa tu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Diwani na Wenyeviti wetu wa Mitaa, ombi letu kwenu ni dogo wala halina gharama. Mtu akija kuomba barua ya mkopo kwa dhamana ya nyumba, msiandike mkiwa mezani. Tumeni mjumbe afike kwenye nyumba hiyo aangalie nani anapika humo. Na ofisi zibandike majina ya wakopeshaji wenye leseni mahali ambapo mtu mfupi kama mimi anaweza kusoma.

Kwetu sisi wanachama, kamati imekubaliana hivi. Jumamosi ijayo, kabla ya kufungua sanduku, kila mmoja aje na karatasi zake zote ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe: kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa kama kipo, na hati ya mauziano ya kiwanja kama kiwanja kimenunuliwa. Msaidizi wa kisheria atakuwepo kuanzia saa nane mchana. Ambaye ana mkataba wowote wa mkopo, wa Kiingereza au wa Kichina, aulete usomwe. Hakuna atakayechekwa. Ambaye hati ya kiwanja ina jina moja tu, azungumze na mwenzake nyumbani, kwa upole, siyo kwa kumvamia usiku huu baada ya pilau. Na wale ambao bado daftari letu limewaandika Mama Fulani, njooni na majina yenu kamili.

Mwenye funguo ya tatu anasafiri kwenda msibani Kisarawe, kwa hiyo funguo hiyo nimemkabidhi Makamu wake. Chakula kiko tayari, wageni watangulie.